Faida Iliyofungiwa Stoo

Mashine ya kiwanda chetu cha asali hapa Kaliua inaweza kujaza chupa elfu kumi na mbili kwa mwaka. Mwaka jana tulijaza elfu tatu, tukauza elfu moja tu. Kodi ya jengo na mishahara ilikuwa milioni kumi na mbili. Mimi, mhasibu wa ushirika, nilizigawa kwa uwezo wa mashine, kila chupa ikabeba shilingi elfu moja. Milioni tisa zikakosa chupa ya kuzibeba, zikaingia zote kwenye gharama za mwaka; tulipotoa gharama kwenye mauzo, tukaishia hasara ya milioni nne.

Mwenyekiti wetu, Mzee Emilian, akanirudishia karatasi. "Gaudensia mwanangu, gawa kwa chupa tulizojaza."

"Mzee, kila chupa itabeba elfu nne. Zile ambazo hazijauzwa zitafungia milioni nane stoo, nasi tutaziita mali badala ya gharama!"

"Watu wamechoka kusikia hasara. Gawa."

Nikagawa. Sikubishana zaidi, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Hasara ikageuka faida ya milioni mbili, wala hakuna chupa hata moja iliyoongezeka kuuzwa.

Kwenye mkutano wa wanachama, Mama Advera, aliyetuletea ndoo kumi za asali na hajalipwa hata moja, aliuliza tufanyeje mwakani faida ikue. Jibu nililijua, nalo linatia kichefuchefu: tujaze chupa nyingi zaidi, hata zisipouzwa, zibebe kodi na mishahara na kuvipeleka stoo.

Mzee Emilian akalisema kwa tabasamu. Mama Advera akawa wa kwanza kupiga makofi, akaahidi ndoo ishirini.