Diski Iliyolala Chini ya Mto

Mama yangu hagombani na mume wangu. Mtu na mkwewe hawarushiani maneno. Mama akiwa na neno juu yake huniletea mimi jikoni, kwa sauti ya chini, nami ndiye ninayemeza.

Safari hii neno lilikuwa kompyuta ya duka letu la kudarizi. Ilikuwa nzito kuamka kama mlevi, mume wangu, ambaye ni fundi wa kompyuta, akaifungia diski mpya, zile za kasi ziitwazo SSD. Ikawa inawaka hujakaa kitini. Lakini programu ya kuchorea maua ya kudarizi ilikataa kuhama. Walioitengeneza walishafunga kazi, na sidii yake ya kuiwekea ilipotea zamani. Humo ndimo ilimo michoro yote ya marehemu Baba, waridi na mizabibu aliyoichora mpaka macho yakamchoka. Haikuwepo pengine popote. Basi mume wangu akaitia diski ya zamani katika kikasha, akaiunganisha kwa waya mezani, programu ikawa inafunguka kutoka humo humo.

"Mama, hii isiguswe," akasema.

"Sawa, baba," Mama akajibu. Naijua hiyo sawa yake.

Asubuhi iliyofuata programu ikagoma. Mume wangu akaja, akabonyezabonyeza, ikafunguka. Kesho yake ikagoma tena, akaja tena.

"Fundi haishi kutengeneza, basi ndiye anayeharibu," Mama alininong'oneza huku akimenya vitunguu. "Na dada yake kafungua duka la kudarizi mtaa wa pili. Hebu jumlisha."

"Mama!"

"Kikulacho ki nguoni mwako. Nimemwona ananakili maua ya baba yako kwenye flashi. Akaitia begini, kimya."

Nilimkasirikia. Kisha, Mungu anisamehe, nikajumlisha. Dada yake akimpigia simu, nasogea dirishani nisikie. Siku moja nikamkuta amemwaga begi lake lote kitandani. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Si kitu," akasema.

Si kitu! Nilimpakulia chakula bila kumtazama usoni.

Kesho yake mimi na mume wangu tuliongozana dukani mapema kuona kwa nini programu inagoma, bila kumwambia Mama. Tukamkuta anaitoa diski kwenye kikapu, imeviringishwa kwa kitambaa. Kumbe kila jioni alikuwa anaichomoa, anakwenda kulala nayo chini ya mto, mwizi asiifikie. Na mwizi mwenyewe tunamjua.

Mume wangu hakupandisha sauti. Aliiona flashi ya mteja imeshachomekwa, akatikisa kichwa. "Ndiyo maana. Kila kinachochomekwa hapa hupewa herufi yake, kama namba ya nyumba. Flashi ya mteja ikitangulia, inakaa kwenye herufi ya diski hii, na programu inakwenda kubisha hodi nyumba siyo."

Akaichomoa flashi, akaichomeka diski. Ikalia tik, tik, tik. Akainama, akaisikiliza kwa sikio.

"Imeanguka?"

"Jana," Mama akasema. "Kwenye ngazi. Kidogo tu."

Alijaribu sana. Mwishowe akaizima, akajifuta uso. "Diski imekufa, mama. Nilishanakili kila kitu kwenye flashi, programu na maua, kwa kuogopa siku kama hii. Nayo imenipotea. Nimeona aibu kuwaambia."

Nilitaka ardhi inimeze. Mkono wa Mama ulikuwa umekwenda kwenye fundo la mtandio wake, umelishika, na hapo nikaelewa. Angeweza kunyamaza. Asingejua mtu, na maua ya Baba yangekufa na diski. Kulifungua lile fundo ni kumwambia mkwe wake, uso kwa uso, kwamba alimpekua. Kwa mama yangu hiyo ni aibu ya kwenda nayo kaburini.

Akalifungua. Flashi ikatoka.

Mume wangu akaipokea kwa mikono miwili, macho chini. "Kumbe niliiangusha hapa dukani," akasema. "Ahsante kwa kuniokotea, mama."

Alikuwa amemfungulia mlango. Nilimwomba Mungu Mama apite, yaishe.

"Sikuiokota, baba," Mama akasema. "Nilifungua begi lako."

Mume wangu akaichomeka flashi, na waridi la kwanza la Baba likafunguka kwenye kioo cha kompyuta, jekundu, zima, na hakuna kati yetu aliyeliangalia.