Santuri ya Baroni Cuthbert

Jumamosi, tarehe 4 Machi 1961, saa tisa alasiri, jua likiwaka juu ya Kingston bila wingu na vumbi la mitaa ya magharibi likikataa kutulia, Baroni Cuthbert aliikalia santuri yake bora na kuivunja vipande vipande.

Ubaroni huo hakupewa na mtu. Miaka ile, kila mwenye gramafoni, maspika makubwa kama makabati na ua wa kuchezea dansi alijitunuku cheo. Mtaani kwetu tulikuwa na mabaroni, majemadari na wafalme wengi kuliko Ulaya nzima, na wote walinunua mchele kwa kikombe.

Santuri ile Baroni alirudi nayo kutoka Marekani, alikokwenda kukata miwa. Ndiyo aliyomfedheheshea mpinzani wake, Jemadari Whylie, kila walipopambanisha maspika. Ili Whylie asiijue na kuiagiza, Baroni aliikwangua karatasi ya katikati kwa kisu, kama ilivyokuwa desturi ya waheshimiwa hao. Alilificha jina la wimbo kwa bidii kubwa hata yeye mwenyewe akalisahau. Sasa angeagiza nini? Wimbo wa yule bwana anayelia? Isitoshe, Wamarekani wenyewe walikwisha kuuacha mtindo ule na kuhamia nyimbo laini za kubembelezea watoto.

Pambano jingine lilikuwa Jumamosi ya pili yake. Baroni akamwita jirani yangu, Lascelles Pinnock, mpiga gitaa wa hotelini, ambaye kila jioni alivishwa kofia ya ukindu ili watalii waone kwamba ana furaha.

"Kijana, wimbo ule tuupige wenyewe. Jumatano, studio."

"Hoteli hainipi ruhusa, Baroni. Nikikosa siku moja, kazi sina. Utanilipa nini?"

"Hela sina. Jina nitakupa. Lascelles Pinnock, herufi kubwa, katikati ya santuri. Nani atakuuliza tena habari za hoteli?"

"Apa."

"Mimi Baroni, niape?"

"Baroni wa wapi? Apa kwa mama yako."

Akaapa kwa mama yake, mbele yangu. Nami, mwalimu wa shule, nilifunzwa bwenini kwamba kiapo hakina likizo.

Studioni Baroni aliwaimbia wanamuziki wimbo wake kwa mluzi, na mluzi wenyewe ulikuwa na pengo la meno. Palikuwa na mpiga ngoma na wapiga tarumbeta wawili waliolelewa na masista katika makao ya wavulana. Huko walifundishwa kupiga muziki wa gwaride na kuwa watiifu. Somo la pili halikuwakaa. Lascelles alitakiwa afuate mwendo wa Kimarekani. Lakini mikono yake ilikuwa ya mtoto wa shamba aliyekulia penye banjo na dansi za mento, muziki wa mashambani kwetu. Mguu uliposhuka sakafuni, gitaa lake lilinyamaza. Mguu ulipokuwa ungali hewani, lilikata kwa ukali: ska! Kisha tena: ska!

"Unapiga pabaya!" Baroni akafoka. "Mguu ukishuka, kimya. Mguu ukipanda, ndiyo unakuja. Una ugomvi na mguu?"

"Cheza kwanza, mzee, ndipo ulalamike."

Tumbo la Baroni lilikuwa limekwisha kuanza kucheza bila idhini yake.

Siku ya pambano watu waliuhama ua wa Whylie, wakaja kwa Baroni, wakataka wimbo ule urudiwe mpaka sindano ikapata moto. Whylie aliyarudisha maspika yake nyumbani akilaumu unyevu wa hewa. Haukupita mwezi, muziki ule ukaitwa ska, na mji mzima ulikuwa na wavumbuzi wake. Mmoja alisema muziki ule ni wake kwa sababu aliuota. Kinyozi wa jirani aliapa kwamba umetoka kwenye mkasi wake. Hata wakubwa wa vilimani, waliokuwa wakifunga madirisha wasiusikie, walianza kuuita urithi wetu.

Lascelles, aliyekwisha kufukuzwa hotelini, alikwenda nami kwa Jemadari Whylie kuomba kazi.

"Gitaa la wimbo ule ni langu."

"Karibu sana. Wenzako wamepita hapa tangu asubuhi na maneno hayohayo. Jina lako nimelisoma wapi?"

Akatoka mbio hadi kwa Baroni. Nami nikamfuata kwa mwendo wa heshima. Tulimkuta uani na wanamuziki, wakijiandaa kwenda kurekodi wimbo wa pili. Lascelles akaitwaa santuri mezani. Karatasi ya katikati ilikuwa nyeupe, imekwanguliwa.

"Jina langu liko wapi?"

"Lilikuwepo. Muulize mchapaji. Herufi kubwa, kama nilivyosema."

"Na sasa?"

"Nimelikwangua. Whylie akilisoma si atakuchukua? Nakulinda, mwanangu."

Wapiga tarumbeta wakaangua kicheko. Nilimkumbusha Baroni kiapo chake.

"Mwalimu, rudi kwenye madaftari yako. Niliapa kuliandika. Sikuapa kuliacha."

"Basi litaje Jumamosi," Lascelles akasema, "kwenye kipaza sauti, watu wote wasikie."

"Nikilitaja, utaondoka. Nisipolitaja, huna pa kwenda. Ungekuwa wewe, ungelitaja? Tena anayedaiwa hapa ni wewe. Nani alikuwa anakujua? Mimi ndiye niliyekufanya mtu!"

"Na sasa nani ananijua?"

Baroni alijifuta jasho la shingo, akatazama saa yake, kwa kuwa studio hukodiwa kwa saa.

"Chukua gitaa twende. Jina silitaji, leo wala kesho."

"Basi na mimi sipigi," Lascelles akasema. Akalichukua gitaa, akashika njia ya kwao.