Nguzo ya Vipande

Nguzo tatu za msikiti zilikuwa magogo mazima ya mtiki, sadaka ya matajiri. Ya nne waliisimamisha maskini. Gogo wangelitoa wapi? Msitu wote wa Blora, huko Java, Waholanzi walikuwa wameufanya mali yao, na waliopanda miti ile hawakuruhusiwa kuokota hata tawi. Basi wakaiba. Kila mtu kipande chake. Vikaunganishwa, vikakazwa kwa pete za chuma, vikabeba paa la ngazi tatu sawasawa na magogo ya wakubwa. Baba yake Waginem alikamatwa na kipande ndani ya saruni. Walinzi walimvunja goti, kipande wakakitupa vichakani. Mkewe akakifuata, akakifikisha msikitini.

Sasa Waginem alikuwa bibi kizee, na Haji Darsuki, mwenyekiti wa kamati ya msikiti, alitaka kuba la bati.

"Paa kama la hekalu, bibi. Watu wa mjini wanatucheka."

"Tulisali chini yake baba yako hajajua kutawadha."

Wajumbe wakaangua kicheko. Haji hakucheka.

"Kwani wataka nini?"

"Paa bomoeni. Nguzo yetu muiache."

"Zile takataka zilizofungwa pete?" Akaona wanamtazama, akalainisha sauti. "Haya, bibi yangu. Itabaki. Wewe utupikie tu wali wa manjano siku ya kufungua kuba."

Waginem akaamini. Maskini akiahidiwa na mkubwa, ataipeleka wapi imani yake?

Siku hiyo alikuta kuni zimeshapasuliwa, zimepangwa mekoni. Zilishika moto upesi, bila moshi. Wali ulipokaribia kuiva, akazunguka nyuma ya jiko kuongeza nyingine. Pete za chuma zilikuwa zimelala pale, tupu.

Msikitini nguzo tatu zilikuwa zimesimama, kila moja na kibao cha shaba chenye jina la babu wa tajiri.

"Ililiwa na mchwa, bibi," Haji alisema kabla hajaulizwa.

"Mtiki hauliwi na mchwa."

"Rudi jikoni, wali utaungua."

Mlima wa wali ukaletwa mbele ya wageni. Kama ilivyo desturi, Haji akakata kilele, cha kumpa anayestahili heshima kuliko wote. Akawapita wakubwa, akamnyooshea Waginem. Mpiga picha akasogea.

"Kwa mpishi wetu. Kula, bibi, watu wanakungoja."

Akala. Ulikuwa umeiva vizuri.