Mtumiaji Mwingine

Mzee alikuwa na utani wake, kwamba katika nyumba ile kompyuta ililelewa kuliko yeye. Umeme ukirudi, mkewe aliichomeka kompyuta kwanza, mengine baadaye. Baada ya msiba alirudia utani huo mara moja tu. Alipouona uso wa mkewe, tangu siku hiyo akawa yeye ndiye anayekimbilia waya.

Kompyuta ile ya mapajani waliitumia wawili, Mama na binti yake, kifungua mimba wake. Binti ndiye aliyeipanga: huku akaunti yake, huku ya mama yake, kila mmoja na picha yake kwenye kioo. Siku aliyopelekwa hospitali aliifunga akaunti yake kwa neno la siri bila kutoka, akasema, "Mama, msiizime, kuna kazi sijaihifadhi. Narudi."

Hakurudi. Kila asubuhi Mama aligusa kitufe, picha ya binti ikatokea inacheka, na chini yake neno moja: Ameingia. "Umeamkaje, mwanangu," Mama husema, kisha huenda kumwogesha mjukuu aliyeachiwa.

Sasa simu ya Mama ikatumbukia kwenye beseni la mtoto, na kioo chake kikafa. Ndani yake zilikuwamo jumbe za sauti ambazo binti alizituma akiwa wodini, za kumbembeleza mtoto wake alale. Mtoto ndiyo kwanza alianza kusema. Sauti ya mama yake hakuwa nayo kwingine.

Fundi simu, msichana mwenye kibanda kona ya barabara, alikuja mwenyewe nyumbani. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa.

"Betri imevimba, Mama. Uhai wake ni wa kuombea. Tuzivute hizo sauti ziingie kwenye kompyuta sasa hivi."

"Si uende nayo kibandani kwako?" akauliza Mzee.

"Kompyuta yangu haijuani na simu hii, Baba. Itaomba ruhusa kwenye kioo, na kioo ndicho hicho. Hizi mbili zimeshazoeana."

Mama akaingia kwenye akaunti yake. Fundi akafungua programu ya kuoanisha simu na kompyuta, ile ile aliyoiweka binti. Ikakataa. Fundi aliyasoma maneno kimoyomoyo. Mama akavaa miwani, akayasoma mwenyewe: Programu inatumiwa na mtumiaji mwingine.

"Mwingine nani?" Mzee akauliza, kisha akatazama chini.

Programu ile haikuhudumia akaunti mbili kwa pamoja, na binti alikuwa ameiacha wazi kwake. Wakajaribu neno la siri: jina la mtoto, jina la utani la mume, jina la shule. Wapi. Wakampigia mkwe wao. "Mama, nisamehe," alisema, "hilo sikuwahi kumuuliza." Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. La huyu lilikuwepo, na lilikuwa limeushika mlango.

"Njia iliyobaki ni kuizima na kuiwasha," fundi alisema taratibu. "Ikiwaka, atakuwa ametoka. Na ile kazi yake itapotea."

"Kazi gani?"

"Hatuwezi kujua, Mama."

"Na picha?"

"Picha itabaki." Fundi akamgeukia. "Nibonyeze mimi? Wewe ukae nje kidogo."

"Hapana, mwanangu. Mimi ndiye niliyemleta. Nitamtoa mwenyewe."

Mzee akamwekea mkono begani. Mama akabonyeza. Kioo kikawa cheusi, kikakaa hivyo, kisha picha ya binti ikarudi inacheka vile vile, na chini yake hapakuwa na neno.

Safari hii programu ilifunguka bila ubishi. Picha zikaanza kuingia, zikafuata sauti. "Naam," Mzee akanong'ona, "njoo, njoo," kama anayemwita mtoto anayejifunza kutembea. Halafu simu ikapata joto, ikazima. Fundi akabadilisha waya. Akatoa betri nyingine mkobani, akaijaribu, akaijaribu tena. Mwishowe akaifunika simu kwa kitambaa chake safi.

"Zimeingia baadhi," alisema. "Tusikilize."

Wakasogea. Kompyuta ikasema, "Mwanangu, umeamkaje?" Ilikuwa sauti ya Mama mwenyewe. Fundi akafungua nyingine. "Mwanangu, daktari amepita?" Mama tena. Programu ilikuwa imeanza na jumbe zilizotumwa. Zilizopokelewa zilikuwa nyuma, haikuzifikia. Maswali yote yalikuwamo. Jibu hata moja halikuwamo.

Fundi alikaa tu nao, chai yake ikapoa. Mjukuu akaja akiyumbayumba kwa miguu, akajishika mezani, akasimama, akaweka kiganja kwenye kioo, ujumbe mwingine ukafunguka.

"Umekula, mwanangu?" kompyuta ikauliza.

"Bado, Bibi," mtoto akajibu.

Mama akainuka akamtafutie chakula. Mguu wake ukajikwaa kwenye waya wa kompyuta, waya huo ukachomoka ukutani. Mzee akainama haraka kuurudisha.

"Uache tu, mzee mwenzangu," Mama akasema, akaingia jikoni.