Ujumbe Uliosukumwa Kulia

Kwa maelezo ya mama muuza mkaa, kompyuta ya yule kijana ilipandisha mashetani. Aliona kwa macho yake dirishani, na anaapa: kijana alibonyeza kitufe kimoja tu, maneno yote yakakimbilia kulia kama yameona nyoka.

Msusi, dada wa huyo kijana, aliyasikia hayo akiwa ameketi kwenye kiti cha wateja. Mteja hakuwepo. Saluni nzima ilikuwa tupu. Alikuwa amehamia nyuma ya posta, na mdogo wake, ambaye mtaa mzima humwita Profesa, akajitolea kuwaarifu wateja kwa programu aliyoiandika mwenyewe. Wateja wakaendelea kwenda mlango wa zamani, ambako msusi mwingine keshafungua, na anawapokea kwa bashasha.

Ndipo akaingia bibi harusi mtarajiwa, jasho linamtiririka kwa kuulizia njia, simu mkononi. "Dada, mbona umenitumia ujumbe mtupu?"

Haukuwa mtupu. Ukivuta chini maneno yalikuwepo, yamekatikakatika, kila mstari umetanguliwa na nafasi tupu pana kama uwanja wa mpira.

Profesa akaitwa. Akatazama, akakohoa kisomi. "Aa, hizo nafasi ni zangu. Mistari ya ndani lazima isogee kulia, dada, ndiyo adabu ya programu. Niliuchagua ujumbe wote, nikausukuma kwa mpigo mmoja. Ukapendeza!"

"Na nafasi zikaenda kwa watu?"

"Zimo ndani ya alama za kunukuu, na kompyuta hutuma kila kilichomo humo. Kwa hiyo nazo ni ujumbe."

"Kumbe. Nimewaandikia wateja wangu nafasi."

"Kitaalamu, ndiyo."

"Si uurudishe kushoto, baba?"

Akamtazama kana kwamba kaambiwa atembee uchi sokoni. Maneno yabanane ukingoni, mistari mingine imejipanga vizuri? Wenzake wakiona? Hapana. Ataandika kwanza kipande kingine, cha kuzifuta nafasi wakati wa kutuma, ili urembo ubaki. Sanaa haitaki papara.

"Wasimamizi wangu wanasukwa kesho," bibi harusi akasema. "Nao mliwatumia huohuo?"

Msusi akauona kichwani ule mlango wa zamani, na foleni yake.

"Mdogo wangu," akasema taratibu, "utume upya ujumbe leo. Hata ukiwa mbaya. Tafadhali."

Profesa alikuwa ameinamia kioo cha kompyuta yake, ulimi nje kidogo, akisogeza mstari mmoja kulia.