Siku Kipanga Alipomezwa na Korongo

Watu husema wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia. Mimi Damari nabisha. Kampuni mbili za ndege zilipogombania safari ya Mbeya na Iringa, sisi nyasi tulistawi. Tuliumia siku zilipopatana.

Moja ilichorwa kipanga mkiani, nyingine korongo, na hivyo ndivyo tulivyoziita. Majina yao ya Kizungu tuliwaachia makarani. Korongo ndiye aliyekuwa mkubwa. Kipanga alipopunguza nauli, Korongo alipunguza zaidi, akaongeza chai na mkate. Kipanga akaanza kuruka kila siku, hata akiwa na abiria wawili tu. Korongo naye akaruka kila siku. Wote walikuwa wanakula hasara, lakini nani angekubali kuwa wa kwanza kuchoka mbele ya jirani? Mume wangu Abrahamu alikuwa mpakizi wa mizigo wa Kipanga kule Iringa, na familia za wafanyakazi zilipanda bure.

Masika ya mwaka 1956 mwanangu Anyitike, mtoto wa miaka minne, alivimba tumbo likawa gumu kama ubao. Daktari wa Mbeya akasema apasuliwe upesi, na mpasuaji alikuwa Tosamaganga, karibu na Iringa. Mvua ilikuwa imekata barabara kule Chimala. Ilibaki ndege.

Baba mkwe wangu naye alikuwa anakwenda kwa mpasuaji huyo huyo, kwa uvimbe wa ubavuni. Jina lake mtalisikia kwa karani, si kwangu. Kwetu Wanyakyusa mke hamtazami baba wa mumewe, halitaji jina lake, wala hakai naye chini ya paa moja. Nikisikia fimbo yake njiani, naingia migombani. Wanaume wakisimulia mwiko huu huwa wanacheka. Mimi sicheki, maana mama zetu walitufundisha kwamba mwanamke akiuvunja, anayelipa ni mtoto wake.

Shemeji yangu Jailos alipanga vizuri. Baba yake angeondoka asubuhi na Korongo, mimi jioni na Kipanga. Lakini mtoto alianza kutapika maji ya kijani, nikaogopa kungoja. Nikafika uwanjani asubuhi, nikatafuta foleni ya Kipanga, nikiomba kuwe na ndege ya mapema.

Kipanga hakuwepo. Palikuwa na ndege moja tu, ndogo, na foleni moja. Karani Philbert, ambaye juzi alikuwa mtu wa Kipanga, alikuwa amevaa kofia ya Korongo.

"Kampuni zimeungana, mama," aliniambia bila kunitazama. "Mabwana wamekubaliana Nairobi. Safari ni hii tu. Nyingine wiki ijayo."

"Tiketi yangu je?"

"Inafaa. Ila wa Korongo wanatangulia. Nafasi imebaki moja. Ngoja upimwe."

Walikuwa wanapima watu kwenye mizani ya kahawa, mmoja mmoja, ili ndege isizidiwe uzito. Nilibakiza mtu mmoja mbele yangu. Ndipo nikasikia fimbo.

Sikufikiri. Miguu ilifikiri kwa niaba yangu. Nilikimbia na mtoto mgongoni hadi nyuma ya mapipa ya petroli, nikajifunika kitenge kichwani, nikachuchumaa. Nikamsikia Philbert akisema, "Karibu Mzee Asukile, pita kwenye mizani." Kisha nikasikia akiniita mimi. Aliita tena. Niitike vipi, wakati mkwe wangu amesimama pale pale? Nilijikunyata kama kuku aliyeona mwewe.

Nilipothubutu kuchungulia, mfanyabiashara mmoja wa Makongolosi alikuwa anapanda ngazi kuchukua nafasi yangu. Nikatoka mbio, nikamshika Philbert shati.

"Mama, nimekuita ukakosekana," alisema. Huruma alikuwa nayo, lakini hata yeye alikuwa hajui kama kesho atakuwa na kazi. "Ndege imejaa. Rubani anataka kuruka kabla wingu halijashuka."

Anyitike hakuwa analia tena. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Injini ziliwaka, nyasi zikalala, na mimi nikaona vifo viwili: kimoja cha kungoja wiki, kingine cha kuvunja mwiko. Kile cha kungoja nilikuwa nakibeba mgongoni, na kilikuwa kinachoma kwa homa. Nikachagua kingine.

Nikapanda ngazi.

Ndani palikuwa pafinyu. Baba mkwe alikaa kiti cha kwanza, na hapakuwa na pa kugeukia. Nilimtazama usoni. Kwa miaka sita nilikuwa naijua sauti ya fimbo yake tu; sasa niliona ana macho ya Abrahamu. Akajifunika uso kwa koti.

Nilijua atashuka. Mwiko ungemtoa, hilo ndilo nililolitegemea, nami niliona haya na hofu kwa pamoja. Akasimama huku akishika ubavu. Philbert, aliyenifuata mbio, akamzuia mlangoni.

"Mzee, wewe mwenyewe mgonjwa. Ukishuka, ni wiki nzima."

"Wiki iliyopita mngegombania kunibeba," alisema yule mzee. Kisha akanipita, koti usoni, akipapasa njia kwa fimbo, na bega lake likanigusa.

Njia nzima hadi Iringa niliweka sikio kwenye pua ya mtoto, nikingoja mwiko udai chake. Wingu lilitutikisa, abiria wakasali, nami nikaamini ni mimi ninayewaponza.

Mtoto alipasuliwa jioni ile. Akapona. Lakini hofu haikuniacha, ilibadili mtu tu: sasa ilikuwa juu ya mzee niliyemwacha Mbeya.

Siku ya ndege ya wiki, mimi na Abrahamu tulikuwa uwanjani Iringa kumpokea. Haikuja. Karani wa pale alisema imepelekwa kwenye safari yenye faida zaidi, tungoje wiki nyingine. Abrahamu aliuliza kama hakuna kampuni nyingine. Aliuliza kwa mazoea, kisha akakaa chini.

Barabara ilipofunguliwa, Jailos alimpakia baba yake kwenye lori. Lilifika Tosamaganga limejaa matope. Dereva alifungua nyuma, akauliza wenye mgonjwa ni akina nani. Abrahamu alinigusa bega nijitenge, maana ndiyo desturi, na miguu yangu ilikwisha kugeuka kukimbia.

Niliizuia. Nikapanda lorini. Alikuwa amelala juu ya magunia, midomo imekauka, anapumua kwa shida. Nilimshika miguu, Abrahamu akashika mabega.

Akafungua macho, akaniona. Hakujifunika.

"Mtoto?" aliuliza.

Nilikuwa naogopa bado, sitadanganya. Lakini nilimjibu nikimtazama usoni.

"Leo amekula uji, baba."