Paa Kabla ya Kuta

Kaka yangu Borya amezaliwa Bukhara. Jino lake la mbele lilivunjikia Bukhara, mke alioa Bukhara, na ule ukuta wa ngome ya zamani alikuwa anaukojolea kila akitoka shule. Sasa amerudi kutoka Amerika na kamera shingoni, anaupiga picha ukuta uleule. Anaupiga asubuhi, na jioni anaurudia kwa sababu eti mwanga umebadilika.

"Kaka," nilimwambia, "kesho jua likizama Sikukuu ya Vibanda inaingia. Kibanda hakijasimama. Nisaidie."

"Nimo, Ilyav, mdogo wangu, nimo. Nikimaliza tu kwenye mnara."

Mnara upo tangu kabla ya babu wa babu yetu, na hauna safari. Lakini Borya akaondoka. Baadaye mteja akanisimulia kwamba sokoni muuza vitambaa mmoja alimkaribisha kwa Kiingereza, na Borya akamjibu kwa Kiingereza, wakapatana bei kwa Kiingereza. Yeye na muuza vitambaa huyo walikaa dawati moja utotoni. Hakuna aliyemtambua mwenzake. Mimi niliyekuwa namnyoa mteja huyo nilitaka kujikata kidole.

Na wala hakuja kwa ajili ya mnara. Alikuja kumchukua Mama.

Mama yetu, Mazol, ni mzee, magoti yamechoka, na mtaa wetu wa Wayahudi umebaki na milango mingi kuliko watu. Borya anasema kule New York, mtaani kwao, Wayahudi wa Bukhara wamejaa, kuna daktari anayeongea lugha yetu, kuna mchinjaji wetu, kuna lifti. Yote ni kweli. Mimi kinyozi nina nini cha kumjibu? Nina ua lenye mti wa mforosadi, na chumba ambacho Mama amelala tangu alipoolewa. Nikifikiria chumba kile kitupu, sipati hata hamu ya kula. Lakini mambo hayo huwezi kumwambia Borya, atakupiga picha.

Mama hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Jibu nitalitoa usiku wa kwanza wa sikukuu, tukishakula kibandani. Kibanda kikisimama kama alivyokuwa anakisimamisha baba yenu, nitakuwa na la kufikiria. Kama ni kula jikoni, basi jiko hata Amerika lipo."

Ndiyo sababu nilikuwa nataka kile kibanda kisimame vizuri.

Siku yenyewe nilifunga duka langu la kinyozi mapema. Asubuhi kulikuwa na baridi, majani ya mforosadi yanadondoka uani kila upepo ukipita, na mke wangu Zina anayafagia huku anayatukana. Nilisimamisha nguzo upande wa pili wa ua, mbali na mti, kama baba alivyofanya. Chini ya mti kibanda hakifai. Lazima kati ya paa lako na mbingu pasiwe na kitu kingine, si tawi, si dari, si nguo ya jirani.

Zikafuata kuta. Kuta zetu ni vitambaa vikubwa vya kutarizi alivyokuja navyo Mama akiwa bibi harusi. Nikaenda kuvitoa sandukuni. Havimo.

"Zina! Vitambaa viko wapi?"

"Nimevifua."

"Umevifua leo?"

"Shemeji jana alisema vinanuka sanduku. Nikaona aibu."

"Shemeji anaishi ghorofa ya sita, hajui hata sanduku linanukaje!"

"Sasa unanipigia mimi kelele? Kampigie yeye, yuko kwenye mnara."

Vitambaa vilikuwa kwenye kamba, vinachuruzika maji kama vimeokolewa mtoni. Nikavitazama, nikalitazama jua, nikatazama lile lundo la matete niliyokata kwa ajili ya paa. Hasira ikanipanda. Nikasema basi, nisikae bure, wakati vinakauka naezeka. Nikaweka ngazi, nikapandisha matete fungu kwa fungu. Nikayapanga vizuri kabisa, kivuli kinatosha, na ukitazama juu mbingu unaiona. Nikafungia makomamanga na vichala vya zabibu. Nikashuka na bega linaniuma, nikajiona mtu.

Mama alikuwa kwenye benchi lake, anachambua giligilani ya pilau ya kijani. Aliniangalia muda wote huo. Hakusema neno. Mama akinyamaza namna ile, mtu mwenye akili angesimama akajiuliza. Mimi niliomba chai.

Alasiri Borya akaingia, shati jeupe, viatu vinang'aa, kofia mpya ya kutarizi aliyouziwa na yule rafiki yake wa dawati. Akasimama katikati ya ua. Akatazama nguzo. Akatazama juu. Akatazama vitambaa kwenye kamba.

"Ilyav. Umeezeka kabla ya kuta?"

"Vilikuwa vimelowa."

"Nimekuuliza, umeezeka kabla ya kuta?"

"Huoni?"

"Basi hakifai."

"Nini hakifai?"

"Kibanda hakifai! Kuta kwanza, paa baadaye. Ukiezeka hewani umeezeka kitu gani? Hakuna nyumba pale, kuna matete juu ya miti. Hili hata mtoto analijua. Rabi wetu alilisema mwaka jana, nikiwa nimekaa mbele kabisa."

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba ilikuwa kweli. Baba alikuwa anatundika vitambaa kwanza, kila mwaka, nami nimefanya hivyo kila mwaka tangu alipofariki, bila hata kufikiria. Mwaka huu tu nimesahau. Mwaka huu ambao Mama anasubiri.

"Ulikuwa wapi asubuhi?" nikamuuliza. "Rabi wako alisemaje kuhusu mtu anayezunguka na kamera wakati mdogo wake anabeba nguzo?"

"Usibadilishe mada."

"Mada ni wewe! Umekuja huku na pua yako, eti vitambaa vinanuka!"

"Nilisema vinanuka kidogo."

"Mama," nikageuka, "wewe uliniona. Mbona hukusema?"

Mama akapuliza jani la giligilani lililomganda kidoleni. "Nilitaka kuona kama kuna mwanangu mmoja aliyekuwa anamwangalia baba yake akifanya kazi."

Jua lilikuwa limeshafika juu ya ukuta wa jirani. Likizama, kazi zote basi, huruhusiwi hata kufunga fundo. Kama kibanda hakifai kufikia hapo, Mama atakula jikoni, na jibu la jikoni nilikuwa ninalijua.

"Tunafanyaje?" nikamuuliza Borya. Kumuuliza kuliniuma kuliko bega.

"Tunatundika kuta hivyohivyo zilivyolowa. Halafu kila fungu la paa linainuliwa na kuwekwa upya. Moja moja. Hapo litahesabiwa limeezekwa baada ya kuta."

"Sawa. Panda."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Bega langu limekwisha. Na wewe ndiye uliyekaa mbele kabisa."

Akatazama shati lake. Akatazama ngazi, ambayo ni ya baba na ina vipago viwili vya kuaminika. Zina akamwambia kwa upole, "Shemeji, nikushikie kamera?" na akamvua shingoni kabla hajajibu.

Tukatundika vitambaa. Vilikuwa vizito kama ng'ombe, maji yanatuingia mikononi mpaka kwapani. Kisha Borya akapanda. Anainua fungu, anaguna, anaweka. Vumbi na wadudu wa matete vinamwangukia usoni. Kila fungu anasema jambo kuhusu namna nilivyolifunga, na kila jambo nalijibu.

"Hili limelegea!"

"Limelegezwa na mikono yako ya karani wa benki!"

"Tingisha ngazi tena uone!"

"Sijaigusa! Ni uzito wako, Amerika wanakulisha nini?"

Hapo hasa ndipo mlango wa uani ukasukumwa, akaingia jirani yetu Shuhrat na watalii nyuma yake. Shuhrat ni mtembeza wageni. Ni Mwislamu, kila sikukuu yetu anatuletea mikate ya tanuri, mtu mwema, lakini mlango ukiwa wazi hawezi kujizuia.

"Shikamoo, Bibi Mazol! Dakika moja tu," akasema. Kisha akawageukia wageni, akanyoosha mkono juu. "Hapa mnaona Myahudi halisi wa Bukhara. Anajenga kibanda kwa namna ya zamani, kama walivyofanya mababu zake. Hawa hawajawahi kuondoka mjini hapa."

Kamera zote zikainuliwa. Borya alikuwa juu, shati limeshika tope, kofia imepinda, unyasi umemchoma sikioni. Akataka kusema kitu kwa Kiingereza, mdomo ukajaa vumbi, akakohoa. Wakampiga picha akikohoa.

"Shuhrat," nikasema, "waambie wasogee kushoto. Mwanga ni mzuri zaidi."

"Ilyav, nitashuka nikuue," Borya akasema kwa lugha ya nyumbani, na wageni wakatabasamu, wakidhani anaomba dua.

Mwanamke mmoja mtalii, mnene, uso umeiva kwa jua, alikuwa amechoka kutembea. Akaona kiti kilichofunikwa hariri ndani ya kibanda, akaketi. Kile ni kiti cha wageni wetu wa heshima. Kila usiku wa sikukuu tunamkaribisha mmoja wa mababu wa kwanza, tunamwekea kiti na vitabu vitakatifu, na hakuna anayekikalia, hata rabi. Vitabu vilikuwa bado ndani ya nyumba, ashukuriwe Mungu.

"Mgeni wetu, inuka," nikaanza.

"Mwache," Mama akasema. "Leo ni zamu ya Ibrahimu. Naye alikuwa anatoka nje juani kutafuta watu wa aina hii. Zina, mpe chai."

Basi Zina akampa chai, na jua linazama, na Borya ana mafungu mengine juu, na Shuhrat anaeleza mambo ya makomamanga ambayo nusu yake ameyatunga. Sijui nilipiga kelele mara ngapi. Ninachojua ni kwamba wageni walipotoka, Borya aliweka fungu la mwisho, akashuka, kipago kikavunjika, akaangukia kitako kwenye majani aliyofagia Zina. Dakika hiyohiyo Mama alikuwa anawasha mishumaa ya kuingiza sikukuu.

Tukakaa kula. Vitambaa vilikuwa vinadondosha maji, tone moja baada ya jingine, kwenye viatu vya Borya vinavyong'aa. Borya akabariki chakula, tukala samaki wa kukaanga na mchuzi wa kitunguu saumu, tukala pilau ya kijani. Juu, katikati ya matete, nyota zilianza kuonekana. Lazima nikubali kwamba alikuwa ameyapanga vizuri. Sikumwambia.

Mama akafuta mikono. "Borya, mwanangu. Kule kwako kibanda unajenga wapi?"

Borya akaacha kutafuna. "Kule ni nyumba za ghorofa, Mama."

"Najua. Una roshani, ulinionyesha picha. Si unajenga hapo?"

"Juu ya roshani yangu kuna roshani ya jirani."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo... hakifai. Hakiko chini ya mbingu."

Aliyatamka pole pole, maana alikuwa ameshaona njia inaelekea wapi. Na mimi niliona. Nikashika glasi yangu ya chai kwa mikono miwili, nikakaa kimya, jambo ambalo Zina anasema hajawahi kuliona.

"Mnakula wapi, basi?"

"Sinagogi wanajenga kibanda kikubwa, kizuri sana, Mama, kina taa, kina hita. Watu ni wengi, kwa hiyo tunaingia kwa zamu. Familia inakula, inatoka, nyingine inaingia."

"Kwa zamu."

"Ni haraka tu. Kuna kijana anaita majina."

Mama akatikisa kichwa kwa muda mrefu. "Nimepanga foleni ya mkate," akasema. "Nimepanga foleni ya sabuni, ya viatu vyako, ya dawa ya baba yako. Sasa uzeeni nikapange foleni ya kukaa mbele za Mungu, na kijana ananiita jina, Mazol, toka, muda wako umekwisha?"

"Mama, si hivyo."

"Ndivyo ulivyosema. Wewe ndiye unayejua kinachofaa na kisichofaa, leo umetufundisha wote. Siendi, Borya. Lifti yako ni nzuri, wewe panda. Mimi nitakaa hapa chini."

Borya aliinamisha kichwa. Nilidhani amekasirika, kumbe mabega yanatikisika. Sikujua kama analia au anacheka, na sikutaka kujua. Nikamwekea pilau, mlima mzima, na kipande cha samaki chenye mgongo.

"Kula, Kaka."

"Mwakani nakuja mapema," akasema bila kuinua uso. "Hata kabla ya mfungo wa toba unaotangulia sikukuu hii. Tutaanza na kuta."

"Njoo. Ila kamera uiache huko huko."

"Kamera inakuja. Ngazi ndiyo uitupe."

Nilikuwa karibu kufurahi. Nilijilaza kwenye mto, nikanyoosha miguu, nikasema moyoni sasa nimepumzika. Mama akaninyooshea kidole juu ya kichwa changu.

"Ilyav. Kamba ya pembe ile imelegea."

Nikatazama. Ilikuwa imelegea kweli, na pembe nzima ya kitambaa inaning'inia kama sikio la punda. Lakini sikukuu ilikuwa imeshaingia, na fundo halifungwi. Usiku ule na siku mbili zilizofuata, ambazo kazi zimekatazwa, kila mlo, kila kikombe cha chai, Mama alikuwa anaitazama kamba ile, kisha ananitazama mimi.